Maji ya Kwanza ya Mgagani

Msinisifie koti jeupe. Mimi Adventina najua nilichofanya nikiwa nimelivaa.

Mwaka 1976 nilikuwa fundi wa maabara Mwanza. Daktari Rwegasira alikuwa amerudi kutoka masomoni na chembe hai za kansa ndani ya chupa, akizitunza kuliko wanawe. Alitaka kujua kama mboga zetu chungu zina kitu cha kuziua. Kazi yangu ilikuwa kuloweka majani ya mgagani kwenye spiriti, kuchuja, kisha kuzitilia chembe zile matone. Kila mara ilipaswa iwepo chupa ya pili ya chembe, ya kutiwa spiriti tupu, ili tujue kilichoua ni nini hasa. Siku moja nilikuwa nawahi meli ya Nansio, kwenye harusi. Chupa ya pili sikuiweka. Nikaandika kwamba nimeiweka, na kwamba chembe zake ni nzima.

Za mgagani zilikufa zote. Eh, nilivyovimba kichwa! Jumapili jirani yangu wa Pasiansi, mama Suzana Kashindye, alikuwa anachemsha mgagani uani, yuko tayari kumwaga maji ya kwanza kama tunavyofanya wote kupunguza uchungu.

"Shikamoo mama. Usimwage! Dawa ya kansa imo humo. Nimeona kwa macho yangu."

"Marahaba. Kweli, mwanangu?"

"Sasa mimi nikudanganye?"

Akairudisha sufuria jikoni. Wiki iliyofuata, kwenye foleni ya sukari, akaniinamia sikioni. Ana uvimbe kwenye titi. Alipangiwa kupasuliwa siku ya Alhamisi, hakwenda.

"Nakunywa yale maji yako," akasema, anacheka kwa furaha. Nikacheka naye. Mjinga mimi!

Siku mbili baada ya Saba Saba, Daktari Rwegasira akarudia jaribio kwa mkono wake, chupa zote mbili. Chembe za zote mbili zikafa. Iliyoua ilikuwa spiriti.

"Mgagani labda una kitu, labda hauna," akasema. "Na hata ukiua kwenye chupa, mwilini ni habari nyingine kabisa. Ila hii ya kwanza yako ilikuwaje?"

"Labda nilichanganya chupa, daktari."

Jioni ile ilinipasa nikimbie kwa mama Suzana. Sikukimbia. Nilianza kupita njia ya nyuma, ya kisimani, nisikutane naye. Kila siku nasema kesho. Msidhani nilimwonea huruma. Nilijionea huruma mwenyewe, fundi msomi nitaonekanaje mtaani.

Novemba akaja mwenyewe mlangoni. Akafungua khanga. Uvimbe ulikuwa umepasuka, umekuwa kidonda.

"Mwanangu, niongeze maji au nipunguze?"

Nikamwambia yote, macho chini. Meli, chupa, spiriti.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Saba Saba."

Akafunga khanga yake taratibu. "Miezi minne," akasema. "Na mimi nikadhani umenikasirikia, ndiyo maana hupiti. Haya, nipeleke."

Nikampeleka, nimevaa koti langu ili tusikae foleni. Daktari wa upasuaji akatazama kidonda, akatikisa kichwa.

"Mama, ulipangiwa Juni. Kisu sasa hakisaidii. Ulikuwa wapi?"

Nilifungua mdomo. Mama Suzana akaniwahi.

"Pamba, daktari. Nilichelewa shambani kijijini, kuvuna."

"Ninyi akina mama! Pamba ni bora kuliko maisha?" Akageuka kwangu, mtu wa kazi kwa mtu wa kazi. "Unaona shida zetu, dada? Hebu niazime kalamu, yangu imekauka."

Mama Suzana alikuwa ananitazama, si kwa hasira. Alikuwa ananingoja. Nilijua ananingoja.

Nikachomoa kalamu mfukoni mwa koti, nikampa daktari. Akaandika kwenye cheti: *Amechelewa kwa uzembe wake mwenyewe.*

Akanirudishia kalamu, nikasema asante.