Ukungu wa Chome

Redio ilisema jioni ile sayari nne zingejipanga mstari mmoja angani, jambo la nadra. Tausi, muuza vitenge wa soko la Same, akapanda bodaboda hadi Chome kwa dada yake, kiuno kikimuuma kwa kila jiwe la njiani, maana aliamini aliye mlimani huona zaidi.

Nakunda, dada mtu, alimwekea chai ya tangawizi.

"Ungeniuliza, mdogo wangu. Huku msimu huu ukungu hushuka hata kabla jua halijazama."

Na ukungu ukashuka kweli, ukafunika migomba, ukafunika hata choo. Tausi akabaki kibarazani amejitanda kanga, hana nguvu hata ya kukasirika.

Simu ikaita. Ni Salehe, mumewe, aliyebaki Same.

"Umeziona?"

"Nimeona ukungu."

"Mbona hapa zinawaka kama taa. Tena si leo tu. Wiki nzima naziona nikitoka kuswali magharibi."

"Na hukuniambia."

"Nilidhani nawe unaziona. Leo ndiyo nimekumbuka, wewe saa hiyo unarudi na furushi la vitenge kichwani. Ungeinuaje uso?"