Fidla Nne na Jiwe la Nyuki

Haya aliyasimulia Walburga, mke wa Raimundi, mwezi wa nane mwaka jana, tukichambua kahawa uani kwake Litembo.

Raimundi alikuwa anautaka ualimu wa kwaya ya parokia mpaka chakula hakimpiti. Waombaji walikuwa wawili, kila mmoja alete utunzi wake. Yeye akatunga muziki wa fidla nne, bila waimbaji, kuhusu siku alipopanda jiwe refu lenye nyuki kurina asali. Fidla ya kwanza, yake mwenyewe, ndiyo mpandaji. Fidla kubwa, ile ya kubanwa kwa magoti, ndiyo mshika kamba aliyebaki chini. Hiyo akampa Ephrasia, mdogo wake Walburga aliyekaa kwao, maana hakuna mwingine aliyeiweza.

Ephrasia akasoma noti zake, akacheka. "Kumbe ulipanda wewe, shemeji?"

"Ni muziki tu, shemeji."

"Na mimi nikashika kamba."

"Tena uliishika vizuri."

Aliyepanda ni Ephrasia. Kamba ilipitishwa kwenye mzizi juu ya jiwe, ncha moja kiunoni kwake, nyingine mikononi mwa Raimundi. Nyuki waliposhuka, Raimundi aliiachia, akakimbilia mtoni, akajizamisha mpaka shingoni. Ephrasia akamalizia kwa kucha, akateremkia upande wa nyuma na ndoo yake imejaa. Majirani walimkuta Raimundi kavimba uso, wakadhani ndiye aliyepanda, wakampa pole na sifa. Vyote akavipokea. Ephrasia akamhifadhia siri, kama shemeji.

Jumapili baada ya misa wakapiga mbele ya padre na wazee wa parokia. Fidla zikapanda, zikazidi kupanda. Zile mbili za katikati zilipoanza kuvuma kama nyuki, Ephrasia akaweka upinde chini taratibu, akakaza kitenge chake, akakunja mikono. Wa katikati wakamtazama, wakaacha nao.

Raimundi akabaki huko juu, chini yake hamna sauti hata moja. Kila noti ilitoka kama mguu unaotafuta pa kukanyaga. Akamalizia hivyo hivyo, jasho linamtiririka.

Padre akavua miwani, akaifuta. "Hapo walipomwachia peke yake, nimesikia woga wa kweli. Mwalimu tumempata. Ila pale pasibadilishwe kitu. Pasaka mtaupiga Mbinga mjini."

Njiani Ephrasia akamwambia, "Umesikia, shemeji. Nitakuwa naachia palepale kila mara. Padre kaagiza."

Baada ya ugali Ephrasia akalala, Walburga naye akafumba macho tu. Mwalimu wa kwaya alijilaza, vidole vikipapasa noti za pale pagumu juu ya blanketi, mpaka navyo vikachoka, usingizi ukamchukua.