Mstari wa Chumvi

Karatasi ya maabara ilifika Ijumaa, muda mfupi kabla ya adhuhuri, ikiwa picha kwenye simu, na Sada akaisoma kwa sauti kubwa kama mtu anayetangaza matokeo ya mtihani wa darasa la saba.

"Protini, gramu kumi na sita kwa kila gramu mia," alisema, akaruka mpaka ndala moja ikamtoka. "Kumi na sita, dada Maftaha."

Maftaha alikuwa akiviringisha minofu ya nguru kwenye chenga za mkate mkavu. Akasimamisha mikono, akauliza kama kumi na sita ni nyingi au chache, maana yeye asije akafurahi bure.

Zilikuwa nyingi. Tena zilikuwa zilezile za karatasi ya kwanza, ile maabara iliyowapa miezi michache nyuma, na hilo ndilo lililomrusha Sada. Kilwa Masoko nzima iliwacheka wanawake hawa walipoanza. Samaki wabichi wako pwani kila asubuhi, watu walisema, nani mwenye akili atanunua samaki aliyevikwa mkate akagandishwa? Leo watoto waliokuwa wakimkimbia samaki kwa kuogopa miiba wanagombania vipande vyao, na mama zao wanauliza pakiti mpya zinakuja lini. Sada hajasahau jina la mtu hata mmoja aliyecheka, na orodha si fupi.

"Mafuta, gramu tatu. Wanga, kumi na nne. Sodiamu, miligramu mia tano na arobaini."

Hapo akarudi kuisoma tena. Sodiamu ndiyo chumvi kwa lugha ya maabara, na mstari wa chumvi Sada aliujua kwa moyo. Alifungua friza, akatoa pakiti, akafuta barafu kwa kidole. Lebo waliyochapisha kwa kufuata karatasi ya kwanza ilisema tisini.

"Wamekosea hawa," alisema. "Wamepima samaki wa mtu mwingine."

Maftaha aliiweka minofu pembeni. Alinawa mikono taratibu, akaikausha kwenye kanga. "Sampuli ya kwanza tulitengeneza lini, mdogo wangu?"

"Ramadhani. Kumi la pili."

"Na Yustina alikuwa wapi?"

Yustina ni mwenzao wa tatu, Mkristo, na mwezi mzima wa mfungo ndiye aliyekuwa akiwaonjea. Siku ile alikuwa msibani Mingoyo. Sada na Maftaha walikuwa na swaumu zao, hakuna aliyethubutu kugusisha ulimi.

"Chumvi si uliweka wewe?" Sada aliuliza.

"Mimi niliweka ndimu na kitunguu saumu. Chumvi nilijua umeweka wewe."

Wakatazamana. Basi samaki waliopimwa mara ya kwanza hawakuwa na chumvi hata punje, na wote waliotengenezwa baada ya Idi, Yustina akiwepo na ulimi wake, walikuwa nayo ya kutosha. Na wote walivaa lebo ileile ya tisini.

"Bi Sakina," Sada alisema, akaichukua simu.

Bi Sakina ni mama yake Mohamedhussein, mwenye duka lenye friza kubwa karibu na stendi. Ana presha. Daktari alimkataza chumvi miaka minne iliyopita, na Mohamedhussein aliposoma ile tisini alifurahi mno, akawa anampa mama yake vipande vitatu kila siku, miezi miwili sasa. Presha badala ya kushuka ikapanda. Wakamwongezea vidonge, ikapanda tena. Jumapili mwanawe anampeleka Dar kupimwa moyo. Jana tu Sada alikuwa dukani, akamwombea dua kwa uso wa huruma kabisa.

Alipiga simu ya Mohamedhussein, imezimwa. Ijumaa saa saba, yuko msikitini. Sada hakungoja bodaboda. Alitoka vilevile na aproni yake ya plastiki, chenga za mkate mpaka kwenye nyusi, akakata katikati ya mji mbio, na watu waliomwona walidhani kuna nyumba inaungua. Hofu alikuwa nayo, lakini pia alikuwa na furaha ya ajabu iliyomsukuma mgongoni: huenda moyo wa bibi wa watu ni mzima.

Duka lilikuwa limefungwa. Akazunguka nyuma, akapiga hodi huku anapanda ngazi za ghorofani wanakoishi, akamkuta Bi Sakina mezani peke yake, sahani mbele yake, vipande vitatu vya rangi ya dhahabu, kimoja kimeshang'atwa.

"Shikamoo, bibi," Sada alisema, na kabla hajaitikiwa akaivuta sahani. Chakula cha mtu mzima, nyumbani kwake, tena mkono wa mtu umo ndani. Mama yake Sada angeona angezimia.

"Marahaba," alisema Bi Sakina, akaivuta sahani kwake. "Una njaa?"

Sada akamweleza kila kitu, akihema: maabara, Ramadhani, msiba wa Mingoyo, mia tano na arobaini. Bi Sakina alisikiliza akitafuna.

"Najua," alisema.

"Unajua nini, bibi?"

"Pakiti za mwanzo zilikuwa kama kutafuna kitambaa. Za baada ya Idi nikaonja, nikajua hawa wamekosea. Nikanyamaza." Alilamba kidole bila haya. "Miaka minne, mwanangu. Miaka minne nakula ndimu na subira."

"Na Dar? Na moyo?"

"Watapima, watakuta mzee, watanirudisha."

Chini funguo zikalia, mlango ukafunguliwa. Bi Sakina akamshika Sada kifundo cha mkono, na mzee yule alikuwa na nguvu. "Usimwambie. Atakutolea samaki wako wote kwenye friza, jina lako litaharibika mji mzima. Badilisha lebo kimyakimya. Wewe unauza, mimi nakula, nani ameumia?"

Sada alilisikia neno hilo likimwingia tamu kabisa. Nani angejua? Hatua zilikuwa zinapanda ngazi, na zile kumi na sita zake za protini, na orodha yake ya waliocheka, vyote vilikuwa vinamwomba anyamaze.

Mohamedhussein aliingia na kofia yake ya sala, akamwona Sada, akatabasamu. "Umekuja kumuaga mama? Karibu."

"Kaka Mohamedhussein," Sada alisema. "Lebo yangu ni ya uongo. Samaki hawa wana chumvi. Ndiyo inayompandisha presha."

Alitegemea matusi. Mohamedhussein aliitazama sahani, akakaa kwenye kiti.

"Chumvi," alisema. "Ni chumvi tu?"

"Hiyo ndiyo ninayoijua mimi. Daktari aambiwe leo."

Mtu yule mnene, mcheshi, anayetania kila mteja, alivua kofia, akafunika nayo uso, akalia. Alilia kwa sauti, mabega yakimtikisika, akasema katikati ya kwikwi kwamba alishamwambia dada yake aliye Dar atayarishe nyumba, maana huenda mama asirudi Kilwa akiwa hai, na wiki nzima alikuwa anatania ili mama asione.

Bi Sakina alimtazama mwanawe. Mkono wake ukauachia mkono wa Sada. Akakitema kipande kilichokuwa mdomoni kwenye leso, akaisukuma sahani mpaka ukingoni mwa meza.

"Beba," alimwambia Sada. "Na pakiti mbili zilizo chini ya kitanda changu, kwenye ndoo ya barafu, beba na hizo."