Mashine ya Mgeni Rasmi

Mjukuu wa Mong'ina alizaliwa njiti, na kabla hajamaliza wiki damu yake ikaingiwa na vijidudu. Mwili wenyewe mdogo, unatosha kiganjani, ukawa unachemka, unapoa, unachemka tena. Sindano alizodungwa hazikufanya lolote. Afadhali wangempa maji.

"Nahisi ni vijidudu sugu," Daktari Nyakundi alisema. "Dawa hii wameizoea. Tumepeleka damu yake maabara ili vijidudu vioteshwe, lakini majibu yatachukua siku kadhaa."

"Na hizo siku huyu mtoto anazo?" Mong'ina akauliza.

Daktari akampima mtoto joto upya. Linda, mama wa mtoto, alikuwa ameketi kando ya kitanda cha joto, macho makavu. Sista wa zamu ndiye aliyejibu. Alitupia jicho kitanda cha pili, kilichokuwa cha mtoto wa jirani yao wodini, Gesare, ambacho juzi tu kilitandikwa upya baada ya mtoto huyo kufa.

"Si kuna ile mashine mpya?" akasema. "Ukiweka damu asubuhi, mchana inakuambia ni kijidudu gani na dawa gani hazikiwezi. Lakini haijazinduliwa. Inangoja mgeni rasmi, Ijumaa."

Ijumaa! Uzinduzi huo Mong'ina aliujua kumshinda sista. Kwaya ya akina mama wa kanisa lao kule Nyaramba ndiyo iliyoalikwa kuimba, na mwimbishaji ni yeye. Mgeni alikuwa ameahirisha mara mbili, nao wakaambiwa waendelee na mazoezi. Wakaimba mpaka makoo yakakauka: karibu mheshimiwa, umetuletea uhai. Kumbe uhai wenyewe umefungiwa chumbani! Aliona aibu, na ile aibu ikamzidishia hasira. Akashuka ngazi hadi kwa msimamizi wa hospitali, Bwana Mokua.

"Mama, tunakuelewa," Mokua alisema, akimwonyesha kiti. Mong'ina hakukikalia. "Lakini kuna utaratibu. Mheshimiwa ndiye aliyeipigania hii mashine. Tukiifungua bila yeye tutaonekana hatuna adabu."

"Adabu? Mtoto anakufa, wewe unaniambia adabu! Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wenu haji, na wenyeji tunazika!"

"Mama, punguza sauti."

"Yaya, sipunguzi! Si ndiyo sauti mliyoiomba ije iimbe? Isikieni basi!"

Akatoka, Mokua nyuma yake, hadi maabara. Mashine ilikuwa juu ya meza, imezungushiwa utepe mwekundu wenye fundo kubwa mbele. Kando yake, mtaalamu wa maabara, Thadeus, alikuwa ameinamia hadubini.

"Wewe unajua kuitumia hii?"

"Nilipelekwa kozi, mama. Lakini naogopa kazi yangu."

"Na mimi naogopa kaburi. Nani kati yetu aogope zaidi?"

Thadeus akaisogeza hadubini kando. Mong'ina akalivuta lile fundo, likakataa. Akainama, akaukata utepe kwa meno.

"Ee Nyasae, Mungu wangu!" Mokua akashika kichwa. "Mama, umenimaliza!"

"Hujamalizwa wewe. Unapumua. Thadeus, chukua damu ya mtoto."

Daktari Nyakundi aliileta chupa ya damu mwenyewe, mbio. Mchana majibu yakatoka: dawa waliyokuwa wakimpa haikuwa na nguvu yoyote, na ile waliyopanga kumpa baadaye pia ilikuwa bure. Ilibaki moja. Akaanzishiwa hiyo saa ileile. Kesho yake joto likashuka, na jioni mtoto akalia, kilio chembamba cha mwenye njaa. Linda naye akalia, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue.

Habari zikaenea wodi zote. Kufikia Ijumaa mashine haikuwa imepoa kwa kupima damu za wagonjwa. Nje hema zilisimikwa, viti vikapangwa, magari ya mheshimiwa yakaingia. Alikuta utepe mpya umefungwa mlangoni pa maabara, makasi kwenye sinia, na Bwana Mokua akitokwa na jasho.

"Mheshimiwa, samahani. Mashine inafanya kazi. Kuna damu ya mtoto ndani, na mtaalamu amekataa katakata watu kuingia."

"Sasa mnataka ningoje?" Mheshimiwa alitazama saa yake. "Mpaka lini?"

Mong'ina akatoka kwenye mstari wa kwaya.

"Mpaka majibu yatoke, mheshimiwa. Sisi tulikungoja wewe tangu Pasaka."

Mheshimiwa akangoja, juani, makasi mkononi. Kungoja hakukumuua.