Radhi ya Afande Mwamba

Kwa miaka hamsini na tisa Mzee Kiprono alimsifu Afande Mwamba mbele ya kila mtu, ila mbele ya Mwamba mwenyewe. Hata ughaibuni Ulaya, katika kitongoji cha Bredäng alikoishi kwa binti yake, majirani Wakenya na Watanzania waliijua hadithi kwa moyo: jinsi Mwamba alivyoingia jeshi la Mwingereza akiwa mpishi, akapigana Uhabeshi, akavuka bahari hadi kisiwa cha Bukini, na huko Burma akakabidhiwa uongozi wa platuni, cheo ambacho Mwafrika hakukitazamia. Risasi zikivuma, hutangulia. Chakula kikipungua, hula mwisho.

Jambo moja hakulisimulia. Siku Wajapani walipowazingira ng'ambo ya mto, Mwamba aliamuru watu ishirini wavuke na mmoja aachwe. Aliyeachwa ni Cheruiyot, nduguye Kiprono, aliyevunjika miguu yote miwili. Vita vilipokwisha, Mwamba alimwendea kila askari kumwomba radhi, mkuu kwa mdogo. Wote walimpa. Kiprono aligeuza uso.

Sasa, Januari 2004, Bi Heshima binti Mwamba, muuguzi wa Jordbro, kitongoji kingine cha huko, alikuwa ameketi sebuleni kwa Mzee Kiprono, simu mkononi. Upande wa pili wa simu alikuwa baba yake, huko Tabora, taabani kitandani.

"Ametakana radhi na kila mtu, mzee wangu. Umebaki wewe."

"Amri aliitoa yeye."

"Naam. Wala hajasema vingine."

Kiprono akainamisha kichwa. Platuni nzima ilijua kwamba amri ile ilishuka kutoka kwa kapteni Mwingereza. Mwamba hakumtaja hata mara moja. Aliibeba peke yake. Na wale ishirini waliovuka, Kiprono akiwa mmoja wao, walirudi makwao wakaoa, wakazaa.

"Hebu nipe hiyo simu, mwanangu."

Akainuka, mkongojo ukamponyoka, akakutanisha visigino.

"Afande!"

"Nani huyo?" Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. "Kiprono? Mpaka leo wapiga kelele? Wajapani watakusikia!"

Mzee alicheka, na kicheko kikageuka kilio. "Radhi nimekupa, afande. Yangu na ya Cheruiyot. Nawe uniwie radhi, kwa kuwa nilikunyima umri wote huu."

Heshima alijifunika uso kwa mtandio.

"Mungu akuridhie, na amrehemu Cheruiyot," ikajibu sauti. "Keti sasa. Najua umesimama, mkaidi wewe."

Kiprono hakuwa amevunja amri ya Mwamba hata moja maishani mwake. Hiyo aliivunja: alisimama wima, machozi yakimtiririka, mpaka simu ilipokatika.