Nusu Saa ya Taarifa ya Habari

Karani alikuwa amestaafu miaka sita iliyopita, ila ukarani wenyewe uligoma kustaafu. Fundi wa sola alipofika katika nyumba yao mpya, ambako nguzo za umeme hazijafika, na kutoa fomu ya kukadiria matumizi, mzee aliipokea kwa mikono miwili na kuvaa miwani. Mkewe alimwonyesha fundi kiti cha pembeni.

Mkewe alikuwa mshonaji, na alitaka jambo moja tu: cherehani ya umeme ipate saa nne kwa siku. Ile ya kukanyaga ilikuwa imemmaliza goti.

"Cherehani mnaitumia saa ngapi, mama?" aliuliza fundi, binti mwenye penseli sikioni.

"Nusu saa," alidakia Karani. "Ile ya kukanyaga ipo, na miguu anayo."

"Televisheni?"

"Nusu saa. Taarifa ya habari, basi. Mimi si mtu wa televisheni."

Mshonaji alimtazama. Kule walikokuwa wamepanga zamani, mtu huyu aliiwasha kabla ya chai na kuiacha ikimwimbia akikoroma. Alitaka kucheka, hasira ikamwahi.

"Mkipunja saa, betri zitaisha mapema," fundi alionya. "Ila zipo swichi zinazokata kifaa kikimaliza saa zake."

"Funga kwenye kila kifaa," alisema Karani, jicho likiwa kwa mkewe. "Humu kuna watu hawajui kuzima." Akatia sahihi kwa mbwembwe zote.

Jumamosi ya kwanza, mchezaji akiwa anauweka mpira apige penalti, televisheni ilizimika. Karani alikizaba kisanduku cha swichi makofi, kisha akapiga simu. Jumatatu fundi alikuja.

"Niongezee saa za televisheni."

"Nguvu iliyobaki inatosha kifaa kimoja, saa tatu na nusu. Lakini mzee, fomu umeshasaini."

Kwa miaka thelathini Karani alikuwa amewarudisha watu dirishani kwa maneno hayohayo: fomu iliyotiwa sahihi haiguswi. Wengine waliondoka wakilia, naye akaendelea kunywa chai. Mkuki kwa nguruwe. Sasa alimgeukia mkewe.

"Mama watoto, hebu mweleze."

"Nimweleze nini? Wewe si mtu wa televisheni."

"Mama hajasaini popote," alisema fundi. "Yeye anaweza kuomba."

Mshonaji aliomba fomu nyingine na kalamu. Aliandika saa za cherehani taratibu, akatia sahihi yake, kisha akahema kama mtu aliyetua mzigo.

Mchana huo alishona huku goti bovu likipumzika juu ya stuli. Karani alizunguka sebuleni, akachoka, akaja kukaa karibu naye. Akamwuliza kama kazi ni nyingi. Katika ndoa ya miaka thelathini na minne, hilo hakuwahi kuliuliza.

Mshonaji alimpa sindano, uzi, na shati lililokatika kifungo.

"Hili ni lako," alisema. "Na hiyo kazi haili umeme."