Neno la Kumwandikia Jepkemboi

Kwenye fomu ya Jepkemboi, Thuo, mtunza hesabu wa ghala, alikuwa ameandika neno moja tu la Kiingereza: slow, asiye na kasi.

Nekoye alilisoma mara mbili, kidole chake kikiwa chini ya herufi. Alikuwa amesoma hadi darasa la saba, na Kiingereza chake kilitosha kumwonyesha kwamba neno hilo likifika ofisi ya Nairobi lilivyo, Jepkemboi hataitwa tena msimu ujao. Yeye Nekoye, Mama Naftaly kwa wenzake, ndiye aliyekuwa msimamizi wa akina mama wanaochagua mbegu za viazi katika ghala la akina Thuo, huku mtaa wa Free Area. Kila fomu ilihitaji sahihi yake kabla ya jioni.

"Hii siitii sahihi," akasema.

Thuo akacheka. Alikuwa kijana mpole, ila hesabu za kreti zilimkosesha usingizi. "Shosho," akamwita kama bibi yake, "si nimeandika ukweli? Wenzake wanajaza kreti ishirini kwa siku, yeye kumi na mbili. Na tafadhali, usianze ile ya haraka haraka haina baraka."

"Sianzi. Nauliza tu, hicho Kiingereza chote mlichosoma, mtu asiyekimbia ana jina moja peke yake?"

Thuo akatoa simu, akapapasa kioo kwa kidole gumba. "Yako mengi. Kuna sluggish."

"Huyo ni nani?"

"Ni mtu mzito. Ameamka lakini mwili bado uko kitandani."

"Si yeye. Endelea."

"Tardy. Mwenye kuchelewa."

"Jepkemboi hufika kabla askari hajafungua geti. Ruka hilo."

"Leisurely. Huyu anajipa raha, kama watalii wanaotazama ndege kule ziwani."

"Mama wa watoto watatu, raha ataitoa wapi?"

"Basi unhurried. Hana haraka, lakini si kwa ubaya. Ametulia."

Nekoye alilirudia neno hilo polepole. Lilikuwa na heshima. "Na Nairobi watasemaje?"

"Watasema ni slow aliyevaa nguo za kanisani."

Wote wawili wakacheka. Kupitia mlangoni Nekoye aliiona meza ya nne, Jepkemboi upande huu, Edinah upande ule. Edinah alikuwa mjane, rika lake Nekoye, na tangu mwaka jana macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Kila Edinah alipoinuka kwenda kunywa chai au maji, Jepkemboi aliivuta kreti ya mwenzake, akageuza kiazi kimoja kimoja, akatoa vilivyooza na vilivyotobolewa na wadudu, akajazia viazi vizuri kutoka kwenye kreti yake mwenyewe. Kisha aliirudisha mahali pake na kuinamisha kichwa. Hakumwambia mtu. Nekoye alikuwa ameyaona hayo kwa wiki tatu, naye akafunga mdomo, akidhani kimya chake kinawasaidia wote wawili. Sasa aliona wazi ni nani aliyekuwa akikilipia.

"Edinah umemwandika nini?"

"Kreti kumi na tisa, zote safi. Nimeandika excellent."

Nekoye alivua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya. Akisema, Edinah atarudishwa nyumbani. Akinyamaza, Jepkemboi ndiye atakayekwenda.

"Nikikueleza jambo, utalisikia lote kabla ya kushika kalamu?"

Thuo akaiweka kalamu chini. Nekoye akamweleza yote. Alipoona uso wa kijana umeanza kukaza, akaongeza, "Macho ya Edinah yamechoka, mikono haijachoka. Hao vijana wako wanashona magunia, mshono unafumuka kabla lori halijafika Njoro. Edinah ameshona magunia ya pareto miaka kumi na mitano. Na tundu la sindano ya gunia, hata mimi nalipata kwa kidole."

Thuo akaitazama meza ya nne. "Atakubali?"

"Nitamwambia mimi. Akikasirika, anikasirikie mimi."

Kijana akarudi kwenye simu. "Kuna lingine hapa. Painstaking. Huyu anakubali kutaabika ili kitu kitoke sawa. Akichelewa, amecheleweshwa na hilo tu."

Nekoye alimwomba alisome tena. "Andika hilo."

Thuo akafuta neno la kwanza kwa mstari mmoja, akaandika jipya juu yake. Fomu ya Edinah akaichana, akachukua nyingine, akaandika kazi ya kushona magunia. Nekoye akatia sahihi zote mbili, herufi baada ya herufi, kisha akaenda meza ya nne na kuketi kwenye kreti tupu kando ya Edinah.

"Dada, nina neno."

"Ni la macho," Edinah akasema, bado akipapasa viazi. "Mama Naftaly, ulifikiri sijui? Naiacha kreti nusu, narudi naikuta imejaa. Viazi havizai ndani ya kreti."

Jepkemboi aliacha kazi. "Kogo," akamwita Edinah kwa heshima ya bibi, "mimi sikumwambia mtu."

"Najua, mama. Mimi ndiye nilipaswa kusema, nikashikwa na aibu." Edinah akajifuta mikono kwenye aproni. "Wananifukuza?"

"Wanataka ushone magunia."

Edinah alifikiri kidogo, kisha akamshika Jepkemboi begani na kuinuka.

"Nionyesheni hiyo sindano iko wapi," akasema.